“Mungu anakuona, mama”: ni faraja ya mtumishi au kisingizio cha kamati?

#1 Msharika wa Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba tujadili jambo moja bila kutajana sharika wala madhehebu. Humu tupo wa kila kanisa, na sitaki uzi uishie kwenye ubatizo wa maji mengi na maji machache.

Kwetu kuna mama anayetunza vyombo na vitambaa vya Meza ya Bwana. Jumapili ya Chakula cha Bwana ikiisha, sisi tunatoka mnadani kugombea mkungu wa ndizi na yai la kienyeji linalofikia bei ya kuku. Yeye anabaki ndani. Anakusanya vile vikombe vidogo, anavihesabu, anavisuuza mara mbili, maana divai ikikaukia chini ya kikombe inaacha duara ambalo hata dodoki halilitoi. Vitambaa vyeupe anakwenda navyo nyumbani. Anatoa madoa ya divai, anabandua nta ya mishumaa, halafu anavipiga pasi ya mkaa kwa hofu na kutetemeka, kwa sababu cheche moja ikidondoka kitambaa cha altare kimekwisha. Sabuni ya kwake, mkaa wa kwake, maji ya ndoo ananunua.

Aliomba kwenye kamati apewe hela ya sabuni na mtu wa kupokezana naye, mgongo umeanza kumsumbua. Alijibiwa kwa upole kabisa: “Mama, kazi yako Mungu anaiona.” Watu wakaitikia amina. Kikao hichohicho kikapitisha fedha za skrini mbili.

Skrini sina ugomvi nazo, wenye macho mabovu kama mimi zinatusaidia kuimba. Ila hiyo “Mungu anaiona” imenikaa kooni. Ni kweli tupu, ina maandiko: Mathayo 6:4, Waebrania 6:10. Lakini ni neno la mtumishi kujiambia mwenyewe usiku akiwa hoi. Likitoka kinywani mwa mwenye funguo za sanduku la sadaka, maana yake ni kwamba bili tumemwachia Mungu.

Sasa nendeni kwenye kitabu cha Hesabu, zile sura tunazozirukaga. Sura ya 4, wana wa Merari, ukoo mmojawapo wa Walawi, wanapangiwa mzigo wao katika hema: mbao, mataruma, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Hakuna cha dhahabu hapo, hakuna cha kuimbiwa. Halafu mzigo wenyewe ni mzito ajabu. Kutoka 38 inasema vitako vya fedha vilikuwa 100, kila kimoja talanta moja, yaani kilo 30 na ushee kwa kitako kimoja, na mnatembea jangwani.

Sura ya 7, wakuu wa makabila wanaleta magari 6 na ng’ombe 12. Musa anagawa hivi: Wagershoni wenye mapazia na vifuniko, magari 2 na ng’ombe 4. Wamerari wenye mbao na vitako, magari 4 na ng’ombe 8. Wakohathi waliobeba vyombo vitakatifu, vile ambavyo kila mtu angetamani aonekane navyo, hawakupata hata gari moja. Wao ni mabegani. Sura ya 8 inamalizia: Mlawi akifika miaka 50 anaacha kazi nzito, anabaki kuwasaidia ndugu zake.

Kwa hiyo Mungu huyohuyo aonaye sirini ndiye aliyeagiza magari, mgao wa kazi na umri wa kupumzika. Kwenye makanisa yenu, watu wa vigingi wana gari?

#2 Binti Sayuni

Mleta uzi umetumbua jipu.

Ongeza wapishi wa semina. Siku nne watu wanatiririka machozi kwa mahubiri, sisi tunatiririka machozi kwa moshi wa kuni mbichi nyuma ya kanisa. Mwisho wa semina mnenaji anaulizwa ameguswa na nini, wageni wanaulizwa wameguswa na nini. Mpishi anaulizwa sufuria la kuazima liko wapi.

#3 Kaka Bonde

Mimi nitakuwa tofauti na wengi, mnisamehe.

Huduma ni ya Bwana. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Luka 17:10 akasema mkiisha kufanya yote mliyoagizwa, semeni, “Sisi tu watumwa wasio na faida.” Sasa nyie mnataka cheti, magari, posho na kutangazwa. Kizazi hiki kikifuta benchi moja kinajipiga picha na kuirusha mtandaoni. Mimi nimepanga viti kanisani tangu ujana wangu na sijawahi kumwomba mtu ahsante. Atakayenilipa yuko juu.

Huyo mama akichoka aseme amechoka, apishe wengine. Kwani lazima?

#4 Msharika wa Nyuma

Kaka Bonde, heshima yako. Kupanga viti bila kudai ahsante ni jambo jema, na sijasema mama anataka cheti. Aliomba sabuni.

Kuhusu Luka 17, hebu isome tena taratibu. Hayo maneno Yesu anawafundisha watumwa wayaseme wao wenyewe juu yao wenyewe. Hakuna mahali alipompa mwenyekiti wa kamati ayaseme juu ya mama wa watu. Mathayo 6 nayo ni hivyohivyo, inamfunga mdomo anayetoa. Haimfungi mdomo anayepokea.

Tena kuna Nehemia 13, aya ya 10 na 11. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Angekuwa wa siku hizi angewaandalia Walawi semina ya moyo wa kujitolea. Yeye aligombana na wakuu: mbona nyumba ya Mungu imeachwa? Kisha akawakusanya Walawi, akawarudisha mahali pao.

Na hilo la “akichoka aseme”: alisema. Ndiyo sababu ya uzi huu.

#5 Fundi Waya

Leo nimepata mahali pa kutapika nyongo, nivumilieni.

Mimi ni fundi mitambo, kanisa la kilokole, mkoa siutaji. Jumapili naingia kukiwa bado giza. Naanza na jenereta: oili, mafuta, plagi. Halafu nyaya, maana panya wa kanisani kwetu wameokoka lakini hawajaacha kutafuna. Miksa ina chaneli nyingi, nusu zimekufa, kwa hiyo mpiga kinanda na besi wanabanana chaneli moja na kila mmoja analalamika hasikiki.

Sasa kitu ambacho waumini hawajui. Maiki ikipiga mluzi, kanisa zima linageuka nyuma kunitazama mimi. Wazee wa kanisa wananitazama, mama mchungaji ananitazama, mpaka watoto. Kumbe mhubiri amepandwa na moto, ameshuka madhabahuni na maiki, kasimama mbele ya spika. Sauti inatoka kwenye spika inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye spika, inazunguka hapohapo mpaka inalia. Na ule mtindo wa kufumbata kichwa cha maiki kwa kiganja ndio unaua kabisa. Zile maiki zimetengenezwa zisikilize mbele. Ukizifumbata zinaanza kusikiliza kila upande, na spika zikiwemo. Wachungaji mliomo humu, shikeni mpini. Nawaomba kwa jina la Yesu.

Betri za maiki zisizo na waya nanunua mimi. Mkesha mmoja unakula seti nzima. Hela hiyo sijawahi kuiona kubwa, natoa na moyo mweupe. Kinachoniuma ni Meza ya Bwana. Shemasi anapita na trei, anaishia benchi la mwisho, anageuza. Mimi niko nyuma ya benchi la mwisho. Siwezi kuacha miksa kwenda mbele maana kwaya inaimba muda huohuo, na nikiondoka ndipo maiki inapolia. Hivyo Meza inanipita, mara nyingi tu.

Sasa hapo niambiwe Mungu ananiona? Najua ananiona. Nataka shemasi anione.

#6 Msomaji wa Usiku

Fundi Waya, “nataka shemasi anione” imenimaliza. Nimeweka kiti, endeleeni.

#7 Mhazini Msema Kweli

Mimi ni mhazini. Najua nitapigwa mawe lakini acheni niseme.

Sadaka ikihesabiwa Jumapili, tayari ina wenyewe. Fungu la dayosisi, fungu la jimbo, mshahara wa mchungaji, posho ya mwinjilisti, umeme, deni la mabati, rambirambi. Kinachobaki ni cha kununulia kalamu na mkanda wa gundi. Hatukai kwenye kamati tukicheka na kunyima watu sabuni.

Kisha mnaziona skrini mnadhani zilikuwa kwenye bajeti. Skrini huwa na harambee yake: mgeni rasmi, maturubai, kadi za mchango, ahadi, na kila anayetoa anatajwa kwenye kipaza sauti. Hela ile imetolewa kwa jina la skrini, nikiipeleka kwenye sabuni mkaguzi ananila nyama. Itisheni nyie harambee ya sabuni na mafuta ya jenereta, tuone mgeni rasmi gani atakuja. Watu wanapenda kutoa kwa kitu ambacho wakiingia kanisani watakiona na kusema “kile nilichangia mimi.” Kwa hiyo mkimaliza kuilaumu kamati, jilaumuni na wenyewe mlioshika bahasha.

La mwisho: ukimlipa mmoja, kesho kwaya nzima iko mlangoni.

#8 mwanaKigango

Mhazini kasema kweli kuhusu vitu vya kuonekana. Huku kwetu Wakatoliki hadithi ni ileile, ila sisi mtu wetu wa vigingi ni katekista.

Parokia ina vigango (makanisa madogo ya vijijini) vingi, padre hawezi kuwa kila mahali. Jumapili padre asipofika, katekista ndiye anayeongoza ibada ya Neno. Anafundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), anaandaa watoto wa komunyo ya kwanza, anatunza majina, anagongewa usiku kwenda kusali na mgonjwa, na mazishi mengi ya kijijini ni yeye. Siku padre akija, kuku anachinjwa, na ni haki yake, katoka mbali. Katekista anakula shingo, kisha anaisukuma baiskeli yenye tairi lililotobolewa na miiba mpaka nyumbani.

Kanisa likitaka linajua kuwaona watu hawa. Bruda André Bessette wa Montreal, Kanada, alikuwa bawabu wa chuo kwa takriban miaka 40. Kufungua mlango, kufikisha barua, kufagia. Afya mbovu, shule kidogo. Alifariki 1937, na mwaka 2010 akatangazwa mtakatifu. Lakini ona na hapo: sifa zilikuja amekwisha kufa. Mimi ningependa katekista wetu apate tairi kabla hajawa mtakatifu.

#9 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Nilifundisha historia, kwa hiyo nitawarudisha nyuma kidogo, wenye haraka ruka.

Mkifika Bagamoyo, kwenye misheni ya Wakatoliki, kuna mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Wageni wakifika huuliza habari za Livingstone, na maelezo yapo tele. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi pale nawaambia: niulizeni habari za waliombeba.

Mzee yule alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika palepale na kugawana shanga na nguo zilizobaki, nani angewauliza? Walikaa shauri, wakaamua mwili urudi kwa ndugu zake. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, ndiye aliyeifungua maiti. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misheni kule Nasik, India, akasoma ibada ya maziko, kisha akachonga maandishi kwenye shina la mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakauzungushia kitambaa cha kaliko, gome la mti na turubai. Chuma na Susi, watumishi wake wa siku nyingi, wakaongoza msafara. Halima mpishi alikuwemo humo pia, na waliokula njiani walikula mikononi mwake.

Safari ilichukua miezi tisa hivi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakakutana na Luteni Cameron, Mwingereza, aliyekuwa amekuja kumtafuta mzee. Akawashauri wazike hapohapo, njia ya mbele ni mbaya. Wakamkatalia. Mtu mweupe, ofisa, nao wakamkatalia kwa adabu wakaendelea. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakagoma maiti kupita katika nchi yao. Basi wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wakaifunga sanda, wakawatuma wenzao warudi nayo kana kwamba inapelekwa Unyanyembe ikazikwe. Maiti yenyewe wakaifunga upya ikawa mtumba wa nguo, ikapita katikati ya mizigo mingine hakuna aliyegundua.

Walipofika pwani wakakabidhi. Wakalipwa ujira wao, wakaachwa watawanyike. Wainwright alisafiri na jeneza, kwa gharama ya shirika la misheni, akawa miongoni mwa waliolishika siku ya mazishi katika kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, kwa nauli ya rafiki mmoja wa marehemu, mazishi yamekwisha. Wakakaa na Horace Waller, rafiki mwingine wa marehemu, kumsaidia kuzipanga shajara za mwisho za mzee, kwa kuwa wao ndio waliojua mto upi ulikuja kabla ya mto upi.

Jiwe la kaburi lipo sakafuni mpaka leo. Linaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono tu. Nafasi ya kuandika Chuma, Susi na Wainwright ilikuwepo, jiwe ni kubwa.

Mhazini, huo ndio uchungu wa mleta uzi. Kusifia mikono ni rahisi. Mwenye mikono ana jina, na tumbo, na mgongo.

#10 Kaka Bonde

Mwalimu, shikamoo. Somo zuri, ila umemweka Abdullah Susi kwenye uzi wa huduma ya Kikristo. Huyo si alikuwa Mwislamu?

#11 Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Naam, wakati ule alikuwa Mwislamu. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, akachukua jina la David. Ukitaka kumtoa kwenye orodha, mtoe, sitagombana nawe.

Lakini ukimaliza kumtoa, soma Yeremia 38. Wakuu wa Yuda ndio waliomtumbukiza nabii katika shimo la matope. Aliyekwenda kwa mfalme kumwombea ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Akapewa watu 30 na kamba. Kabla hajaenda shimoni alipitia chumba chini ya hazina, akachukua nguo kuukuu na matambara, akamteremshia nabii, akamwambia aziweke makwapani chini ya kamba ili zisimchubue. Hapo huwa nasimama. Mfalme alisema mtoeni. Habari ya matambara hakuagizwa na mtu. Sura ya 39 Bwana anampelekea ujumbe wake yeye binafsi, kwa jina: nitakuokoa.

#12 Bibi wa Ufagio

Wajukuu zangu salaam. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi namtajia.

Nafagia kanisa kila Ijumaa. Msinitaje kwenye matangazo, nitaona haya, na wenzangu wa jumuiya watanisema. Lakini fagio mnunue. Tangu muweke vigae, fagio la chelewa linaisha upesi, na lile la plastiki mlilonunua lina nywele kama za mdoli, linasukuma vumbi tu. Na maharusi wenu waache kurusha yale makaratasi yanayong’aa. Yanaingia kwenye nyufa za mabenchi hayatoki. Harusi ya Pasaka mpaka leo nayaokota.

Ni hayo tu. Huyo kijana wa maiki mpelekeeni Meza yake.

#13 Kaka Bonde

Bibi, shikamoo. Nitumie ujumbe faragha unielekeze kanisa lilipo, fagio naleta mimi.

Msimamo wangu uko palepale kuhusu kutafuta sifa. Ila sabuni na sifa ni vitu viwili, hapo mleta uzi nakupa.

#14 Binti Sayuni

Mimi hata kwenye sifa sikubaliani na Kaka Bonde moja kwa moja. Mnasema kutaja watu ni mwili, basi Paulo alikuwa mtu wa mwilini sana. Warumi 16 nzima ni majina. Fibi. Mariamu aliyejitaabisha sana. Aya ya 22 mpaka mwandishi naye anachomoza kichwa: “Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana.” Fikiria mkono uliochoka kwa sura zote zile za kuhesabiwa haki, na Paulo kamwachia msalimie na wewe. Wafilipi 2, Epafrodito kaugua karibu kufa akimhudumia mtume; Paulo anaandika mheshimuni mtu wa namna hii. 2 Timotheo 1, Onesiforo, aliyemtafuta gerezani Roma mpaka akampata.

Na ninayempenda kuliko wote ni yule wa 1 Mambo ya Nyakati 9:31, Matithia, mzaliwa wa kwanza wa Shalumu. Kazi yake ilikuwa vitu vilivyokaangwa vikaangoni. Mtu wa vikaango, kaandikwa na jina la baba yake! Aya chache kabla utakuta mabawabu wanapokezana, ndugu zao wanatoka vijijini wanaingia zamu ya siku saba. Kwa hiyo mgongo wa mtu mmoja kubeba lango maisha yake yote haikuwa desturi ya nyumba ya Mungu.

Wapishi wenzangu, sisi tuna babu.

#15 Fundi Waya

Matithia wa vikaango!! Huyo nambandika ukutani kwenye chumba cha mitambo.

Mhazini, nimekusoma na nimekuelewa kuhusu harambee. Ila swali: mbona ile ya skrini hamkuandika skrini na matunzo yake? Mnanunua kitu cha mamilioni, waya wa kukiunganisha anatafuta fundi. Kila chombo kikinunuliwa kiandikiwe na mafuta yake na betri zake humohumo kwenye kadi ya mchango. Mgeni rasmi hatajua tofauti.

#16 Mhazini Msema Kweli

Fundi, hilo wazo nalichukua lilivyo.

Na kwa walioniuliza faragha, njia ya kupita ni hii. Usije kwenye kamati na malalamiko, njoo na karatasi. Kila idara iandike kinachotumika kwa mwezi: sabuni miche mingapi, betri ngapi, mkaa debe ngapi, fagio. Ukijumlisha vitu vyote hivyo utashangaa ni hela ndogo kuliko chakula cha mgeni rasmi mmoja. Ombeni kasma (fungu la bajeti) ya vifaa vya huduma ifunguliwe kwenye rasimu ya bajeti kabla ya mkutano mkuu wa usharika. Ikishapita, mhazini hana ujanja, lazima alipe. Mkisubiri bajeti ipite mtaambiwa Mungu anawaona, na atakayewaambia ni mimi.

Zamu haihitaji hela. Hiyo wazee wa kanisa wanaweza kuipanga leo.

#17 Msharika wa Nyuma

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Tumepeleka karatasi kama Mhazini alivyoelekeza. Kasma imeingia kwenye rasimu, tunasubiri mkutano mkuu. Hela ambazo mama amekwisha kutoa mfukoni hazirudishwi, wamesema hakuna risiti. Nimelimeza hilo kwa shida. Daudi pale 1 Samweli 30 hakuwadai risiti wale 200 waliobaki na vyombo kwenye kijito cha Besori. Wale 400 waliokwenda vitani walikuwepo waliotaka wenzao wanyimwe nyara, yeye akasema fungu la aendaye vitani na la akaaye na vyombo ni sawasawa, akaifanya sheria.

Zamu imekubalika. Vijana wa kipaimara wamepewa vikombe, wanasuuza wawiliwawili, na mpaka sasa kimepasuka kimoja tu.

Tatizo jipya ni mama mwenyewe. Vikombe ameachia, vitambaa amekataa. Anasema hawa watoto watachoma kitambaa cha altare, na mpigo wa pasi hawaujui. Sasa kamati inaniambia: unaona? Mwenyewe hataki kupumzishwa, ulitusumbua bure. Wenye uzoefu, hapa mnafanyaje?

#18 Mwalimu Mstaafu

Mlawi wa miaka 50 hakufukuzwa hemani. Aliacha mzigo, akabaki na ndugu zake. Mama asiondolewe kwenye vitambaa, aondolewe kwenye ndoo za maji na mkaa.

#19 Bibi wa Ufagio

Mwalimu kasema vizuri. Na mimi naongeza, maana mimi ni mwanamke na nina mgongo.

Msimpelekee mtu wa kumpokea, atadhani mmemzika. Mpelekeeni binti mmoja mtulivu, aende kama anamsalimia, achote maji, apulize mkaa, akae pale mama akipiga pasi. Asiambiwe amekuja kurithi kazi. Mama mwenyewe iko siku atachoka, atasema hebu shika hapa. Akishika, msijitokeze na kamati yenu kupiga makofi.

Na ile kasma yenu, iwe na pasi ya umeme.

#20 Mhazini Msema Kweli

Bibi, pasi ya umeme ni kifaa cha kudumu, haiingii kasma ya sabuni. Leteni ankara kifani (karatasi za bei kutoka madukani) tatu kabla ya kikao cha tarehe 5. Na fagio pia, kama Kaka Bonde bado hajaleta.

#21 Kaka Bonde

Nimeleta mawili. Bibi kayakataa, kasema ni mafupi. Narudi dukani.